Uchaguzi wa Kutazama Mlima

Chai yangu ina moshi. Nalisema mapema, msije mkalisikia kwa Stanislas, yule Mkongo mwuza vitenge, aliyelitangaza kila asubuhi kibandani kwangu katika soko la Bwera, huku mpakani, kisha akaomba kikombe cha pili.

Mwaka huo wa 1970 soko lilikuwa mikononi mwa Asanasio. Aligombea uenyekiti kila uchaguzi, na kila uchaguzi alishinda kwa kishindo. Sasa aliapa kwamba akirudi tena atawatoa wanawake wa samaki chini ya paa, ampe shemeji yake nafasi yao. Kaswera, mjane aliyekimbia vita vya kule Beni akaja kwetu kuuza samaki wa kukaushwa kutoka ziwani Kahendero, angebaki nje, na mvua ya kwetu haina adabu. Samaki wake wangeoza. Nikakasirika, nikasema nitashindana naye. Asanasio akacheka, akaniambia nikishindwa nifungashe na masufuria yangu.

Basi Juni ile, redio ya London ikatangaza kwa Kiswahili kwamba kule Uingereza chama cha upinzani kimeshinda. Kibanda kizima kiliduwaa, maana kabla ya hapo tulisikia kwamba watu wameulizwa, na wengi wamejibu serikali itarudi.

"Sasa bale batu balidanganya?" Stanislas akauliza.

Benon, chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, aliyesimamia kura za soko, akasema labda bei zimepanda, watu wamechoka. Inawezekana, mimi sijafika huko. Lakini nilimtazama Stanislas, asiyeniogopa hata akaisema chai yangu, nikafikiria jambo jingine. Ukimwuliza mtu mbele za watu, mdomo ndio unaojibu, na mdomo umefundishwa adabu.

Kwetu kura zilipigwa hivi: wagombea walisimama wakitutazama, nawe ulimwendea umtakaye, ukapanga foleni mbele yake. Asanasio alikukazia macho tangu unapotoka kwenye meza yako, akakuita kwa jina, akamuulizia mtoto wako. Nani angeyapita macho hayo, na kesho akaombe ruhusa ya kuuza vitunguu?

Nikamwambia Benon, Asanasio mwenyewe akisikia: safari hii wagombea tutazame mlima, watu wajipange nyuma ya migongo yetu, na asigeuke mtu mpaka aamriwe.

Asanasio akakunja uso. Nikamchokoza, "Mzee, unaogopa mgongo yako?"

"Mimi? Watu yote iko yangu! Hata nikifunga macho!"

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Alikuwa amelinywesha soko zima tonto, ile pombe yetu ya ndizi, na soko zima lilimshangilia. Hata mimi nilikunywa. Pombe ilikuwa na kosa gani?

Siku ya kura tukaigeukia Rwenzori, mimi na yeye, bega kwa bega. Benon akapaza sauti, miguu ikaanza kuburuzika nyuma yetu. Asanasio alitabasamu kwa mlima. "Asante, watu yangu. Asante." Mimi niliogopa, sifichi. Nilisikia miguu, na miguu haisemi inakwenda kwa nani. Nikayawaza masufuria yangu. Mara ikanijia harufu ya samaki, karibu kabisa na kisogo changu. Kaswera. Nikajiambia, walau mmoja.

"Geuka!" Benon akaamuru.

Foleni yangu ilikuwa imetoka nje ya lango, ikaishika barabara ya Mpondwe. Nyuma ya Asanasio alisimama shemeji yake peke yake, akitazama viatu vyake.

"Na ile tonto?" Asanasio akauliza. Aliuliza kweli, alitaka kujua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tulikuwa tumenyamaza miaka mingi.

Watu hudhani nilishinda kwa maneno. Sikuahidi kitu zaidi ya kuwaacha wanawake wa samaki pale walipo. Asanasio ndiye aliyenifanyia kazi, kila siku, kwa macho yale.

Kesho yake furaha ilinizidi, nikaisahau chai motoni. Maziwa yakaungua, moshi ukajaa kibanda. Nikaimimina hivyo hivyo, nikamngoja Stanislas aanze.

Akanywa. "Iko muzuri sana, Mama Mwenyekiti."

Nikadhani ananitania, lakini uso wake haukucheka. Nikampelekea kikombe Kaswera, aliyeketi chini ya paa, samaki wake wakavu mbele yake. Akaonja. Akalitazama paa, kisha akanitazama mimi.

"Iko tamu, Mama Mwenyekiti."

Hiyo ndiyo sauti tuliyomshangilia nayo Asanasio. Nikawanyang'anya wote vikombe, nikaimwaga sufuria nzima nje ya uzio, nikarudi kuwasha moto.

"Hakuna mutu kutoka hapa," nikawafokea, "mpaka mumoja aseme chai yangu iko na moshi!"