Lenzi Ndefu ya Yaya Bruno

Dorcas alikuwa na lenzi nne tu, na hakuna hata moja aliyoipata kwa pupa. Kabla ya kununua, aliinua lenzi juani na kuchungulia kama kuvu haijaota ndani ya kioo. Kisha alishika pete inayofungua tundu la mwanga, akaizungusha polepole na kuisikiliza inavyolia tik, tik. Ikikosa pete, aliirudisha hata kama alipewa bure. Kamera yake ya video ilizipokea lenzi hizo za picha kwa adapta, kipande cha chuma cha mviringo kisicho na njia ya kupeleka umeme kwenye lenzi. Lenzi za kisasa, ambazo tundu lake huongozwa na umeme wa kamera yake yenyewe, ukizifunga hapo tundu hubaki limesinyaa, mwanga hauingii, na mkono wako hauna pete ya kulifungulia. Mafundi wenzake wa video wa mtaa wa Nyakasanza walimcheka kwamba anachagua lenzi kuliko watu wanavyochagua mchumba. Aliwaacha wacheke, kwa sababu arusi alizopiga yeye zilikuwa na nyuso, na za kwao zilikuwa na vivuli.

Lenzi aliyoiamini zaidi ilikuwa fupi, nzito, imechubuka rangi. Ndani ya chumba chenye dirisha moja iliona vizuri kuliko macho ya watu. Hiyo ndiyo aliyoiweka tayari kwa siku ya baba.

Baba yake, mzee Ézéchiel, alikimbia vita kule Djugu na nguo alizovaa tu. Nyumba iliungua na picha zote, kuanzia ya arusi yake hadi za marehemu mke wake. Duniani kote haikubaki picha moja ya maana ya mzee huyo. Sasa moyo ulikuwa unamchosha, na mwenyewe alisema wakati wa kuwabariki watoto umefika. Katika ukoo wao baba hufanya hivyo mara moja tu. Huchovya mkono majini, akauweka juu ya kichwa cha kila mtoto na kumtaja jina, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na harudii. Watoto walikuwa wanne, na wa mwisho ni Dorcas. Alitaka saa ile ibaki, uso wa baba na mkono wake, ili asije akausahau kama alivyokwisha kuusahau uso wa mama.

Asubuhi ya siku yenyewe akaingia Yaya Bruno, yaani kaka mkubwa, mfanyabiashara wa Kampala, mtu anayepima ubora wa vitu kwa urefu. Alisubiri wageni wote wakae, na mchungaji akae, ndipo akafungua boksi na kutoa lenzi ndefu kama mchi wa kutwangia.

"Dorcas, kamata hii," alisema. "Ile kitu yako ya zamani inatusikilisha haya. Leo utapiga Papa na hii."

Wageni walipiga makofi. Dorcas aliigeuza mara moja tu mkononi akajua: haina pete. Lakini zawadi ya kaka mkubwa ikitolewa mbele ya watu hutumika siku hiyo hiyo, machoni pake, na kuiweka kando ni kumtemea mate. Tena baba alikuwa anamtazama Bruno kwa furaha ambayo hawakuiona usoni pake tangu Djugu. Dorcas akajiambia kwamba sherehe iko uani, jua ni kali, hata tundu dogo litatosha. Alijaribu, picha ikaonekana. Ni kosa alilolifanya akiwa na akili timamu, na hakuna wa kumsingizia.

Mchungaji alipomaliza sala, mvua ikashuka. Watu walibeba viti mbio, wakajibana sebuleni, madirisha yakafungwa. Katika kioo cha kamera baba akazama gizani. Dorcas alipandisha nguvu ya kamera ya kuvuta mwanga hadi mwisho, picha ikawa punje tupu. Lenzi yake fupi ilikuwa kwenye mfuko, hatua mbili tu kutoka mguuni pake, na Bruno amesimama palepale, amevimba kifua. Alizungusha kila kilichozunguka kwenye lenzi ile ya kaka, huku jasho linamtoka, huku baba anabariki. Alipoitwa aliinua mkono mmoja kuomba asubiriwe. Alipoinua kichwa, watu walikuwa wanaimba na bakuli la maji limeondolewa.

Kesho yake alimwendea baba kitandani, akapiga magoti. Mzee alimshika kidole.

"Nilikuita, mama. Hii kitu inafanywaka mara moja," alisema. "Lakini filme iko. Watu wataona nilikuita kabisa. Unionyeshe."

Dorcas akamdanganya kwamba bado anaitengeneza. Jumapili iliyofuata mzee aliuliza tena, naye akadanganya tena. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, na aliikasirikia midomo yake. Wiki ya tatu mzee akafariki, akiwa bado anaingoja.

Kwenye matanga Bruno alitangaza kwa wafiwa kwamba filme imeharibika kwa sababu dada yake hakujua kutumia chombo kizuri. Kaka akaamuru basi angalau sauti ichezwe kwenye baffle, ile spika kubwa, watu wote wasikie mzee alivyowabariki watoto wake, na kila nyumba ipewe nakala.

Dorcas alijifungia na kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi, sauti safi kabisa. Baba alimtaja Bruno, akamtaja Denise, akamtaja Fiston. Kisha akasema, "Dorcas. Dorcas iko wapi? Kuya hapa, mama." Ikafuata sauti ya Dorcas mwenyewe, kali, ya mtu anayesumbuliwa kazini: "Papa, ngoja kwanza." Maji yakasikika yakidondoka bakulini. "Basi," akasema. "Iko na kazi."

Dorcas aliisikiliza mara tatu. Nje walikuwa wanamwita, baffle iko tayari. Akakata kuanzia jina lake hadi pale wimbo unapoanza, akaunganisha, akahifadhi, akafuta ya kwanza. Katika sauti ambayo ukoo unaitunza mpaka leo, mzee Ézéchiel alikuwa na watoto watatu.