Kipini cha Bi Mkubwa

Katika kazi yake yote ya kutengeneza mapambo kwa mkono, Vidole hakuwahi kurudia umbo moja mara mbili. Jina hilo alipewa na wateja, naye alilivaa kwa maringo kidogo, kama hereni. Sasa alikuwa ameketi mezani, koleo mkononi, waya wa fedha umelala mbele yake, na kichwani hamna kitu. Hamna hata cha kusingizia.

Chumba cha pili alilala mama yake, Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa alikuwa amegoma kula.

Kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na baridi yabisi ya miaka mingi, vidole vyake vikifunga nusu tu. Maneno nayo karibu yote yalikwenda na maji. Yalibaki "hapana", "toka", "wewe", na "kipini". Hili la mwisho alilitoa kila alipoletewa bakuli la uji. Vidole akimpelekea kijiko mdomoni, mama anafumba midomo na kugeukia ukutani.

"Kipini," anasema. "Kipini!"

Mtu anayeshinda na hereni na vidani, ukimtajia kipini atawaza nini kama si pua? Bi Mkubwa alivaa kipini cha dhahabu tangu usichana wake. Hospitali walikivua ili wampige picha ya kichwa, kikapotelea huko huko. Basi, Vidole alijiambia, mama anadai pambo lake, akilipata atakula.

Akamtengenezea ua la fedha, dogo kuliko punje ya mchele. Bi Mkubwa alilitazama, akasema, "Hapana." Akamtengenezea nyota yenye jiwe jekundu. "Hapana," na safari hii mama alilia kwa hasira.

Muuguzi aliyekuwa akija kumwangalia alimvuta Vidole kando.

"Dada, nikufiche ya nini? Mama anaisha. Asipokula wiki hii, itabidi arudi hospitali akawekewe mpira wa kulishia. Na kwa moyo wake ulivyochoka, sijui kama atatoka."

Vidole akarudi mezani mbio kama anayefukuzwa. Alitazama mishipa ya majani dirishani, mabawa ya nzi, ufa wa ukutani, mahali pote alipozoea kuokota mawazo. Ufa ukabaki ufa. Alikata waya, akautupa, akakata mwingine. Mama yake anakufa kwa sababu binti kaishiwa ubunifu. Lilikuwa wazo la kipuuzi, naye alijua, lakini halikumtoka kichwani.

Mama mdogo, mdogo wake Bi Mkubwa, akaja kusaidia jikoni. Huyu hakuzaliwa na sauti ya kunong'ona. Alikuwa anamenya karoti alipopiga kelele:

"We Vidole! Kisu gani hiki? Kipini kimelegea, kitanichinja mie! Fundi mzima unashindwa kufunga kipini cha kisu?"

Kishindo kikasikika chumbani. Bi Mkubwa alikuwa anapiga ubao wa kitanda kwa mkono wake wa kushoto.

"Kipini! Wewe! Kipini!"

Vidole alifika mlangoni, akaganda. Bakuli la asubuhi lilikuwa bado pembeni mwa kitanda, uji umeota ngozi, kijiko chembamba kimezama ndani. Akakichomoa, akakinyanyua.

"Mama, kipini cha kijiko?"

Bi Mkubwa alifumba macho, machozi yakamtiririka, akatikisa kichwa kukubali, tena na tena.

"Ulitaka kula mwenyewe."

"Wewe!" alisema mama, kwa uchungu wa siku zote alizolishwa kama mtoto.

"Na wewe ukamtengenezea vya puani," alisema mama mdogo kwa nyuma. Hakucheka.

Vidole alipiga magoti, akaukunja mkono wa mama taratibu na kupima pengo ambalo vidole vyake viliacha. Kisha akaenda mezani. Hakuchora, hakutazama dirishani. Alizungushia kijiko kitambaa mpaka kikanenepa, akakiviringa kwa waya mnene wa shaba, ncha akazifukia ndani zisimchome. Shingo ya kijiko akaipinda kuelekea mdomoni, maana kifundo cha mkono hakikuwa kinageuka. Mwisho akaongeza bangili pana ya kupitisha kiganja, ili vidole vikichoka, kijiko kisianguke. Kilikuwa kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

Mama mdogo akaleta uji mpya. Bi Mkubwa alichota, mkono ukayumba, uji ukamwagika kifuani. Vidole akanyoosha kitambaa.

"Hapana."

Akachota tena. Kijiko kiligonga kidevu, kikatafuta njia, kikaingia. Akameza. Halafu akawatazama wale wawili waliosimama kando ya kitanda wakimkodolea macho kama wako kwenye maonyesho.

"Toka."

Wakatoka. Mama mdogo alikwenda jikoni, mkono mdomoni. Vidole alishindwa kufika mbali. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, akisikiliza kijiko kikigonga bakuli. Kikigonga, analia. Kikinyamaza, anabana pumzi mpaka kigonge tena.