Vumbi la Siku Moja

Mtandao haukufika chumbani kwa Bi Mayasa. Mwanawe Wakil alinunua kisanduku cha mtandao kisichotaka waya, maana waya ungelazimu kutoboa ukuta wa mawe, naye hakutaka vumbi. Kwa shemegi yake, mtaa wa Kiembe Samaki, kisanduku kama hicho kinashika nyumba nzima. Hapa Mji Mkongwe, kuta nene zilikizuia. Kilishika ghorofani tu, na mama hapandi tena ngazi.

Kaka yake mama, Hamad, aliyekuwa mgonjwa Maskati, akapiga simu ya picha; Wakil akaipokea ghorofani.

“Mteremshe kaka yangu nimwone,” mama aliita kutoka chini.

“Nikiteremka anakatika, mama. Kesho ntamwita fundi wa waya.”

Alfajiri Hamad akafariki. Wakil aliepuka vumbi la siku moja. Mama alikosa uso wa kaka yake, sauti yake, na kuagana naye.