Apolinaria Juu ya Baiskeli ya Kasimiri

Mwaka ule Malkia wa Waingereza alipotawazwa, Tabora nzima ilikuwa na bendera, na Apolinaria alikuwa na mchumba. Mchumba mwenyewe Kasimiri, karani wa stesheni, kijana mpole, hata kuku hamfokei. Mshenga wake alikuwa aje Jumapili baada ya misa kuchukua jibu, na baba alishasema jibu atalitoa Apolinaria mwenyewe. Mama alikwishaanza kushona.

Ijumaa asubuhi Kasimiri akaja na baiskeli mpya, inang'aa hiyo!

"Panda nikufundishe."

Basi akapanda! Ile barabara ya zamani ya misafara, inayoteremka kuelekea Isevya, vumbi tupu. Kasimiri anakimbia nyuma kashika kiti, Apolinaria anapiga kelele, khanga inapepea, moyo unadunda. Loo, raha gani!

Njiani wakamkuta Lukumani, muuza asali, mwenye domo kubwa kuliko ndoo zake. "Mwangaluka, bibi harusi!" akaamkia kwa Kinyamwezi. " Kanyaga! Kanyaga tukuone!"

Apolinaria akacheka, akampungia mkono. Kidogo mbele baiskeli ikazuiwa, ghafla.

"Mbona unamchekea?" Kasimiri aliuliza taratibu, sauti laini kama siku zote, tabasamu lipo. Ila alikuwa amembana mkono juu ya kiwiko, na anazidi kubana.

"Unaniumiza."

"Si kwa sababu nakupenda? Usirudie, mpenzi."

Sauti ile ile anayomwamkia nayo mama! Hapo Apolinaria akajua: upole wote wa huyu mtu unaishia mdomoni.

"Sawa," akasema. "Nisukume basi."

Akasukumwa. Na yeye akakanyaga! Usukani ukayumba, ukanyooka, upepo ukamjaa masikioni. Nyuma Kasimiri anaita kwa upole, mara kwa ukali, mara kwa matusi, Isevya yote inamsikia leo. Mama yangu, kumbe naweza!

Kusimama hakufundishwa. Akazunguka mpaka kwao, akaingia uani na baiskeli, kuku huku, sufuria kule, akatua kwenye mihogo aliyoianika mama.

"We mtoto!"

"Mama, mshenga akija aambiwe hapana."

"Kasimiri? Mpole vile?"

Apolinaria, anahema, anacheka, akapandisha mkono wa gauni. Alama za vidole zilikuwa zimevimba pale pale.

Mama akazitazama. Kisha akaikokota baiskeli mpaka nje ya ua, akaiegemeza ukutani.

"Ataichukulia hapo," alisema. "Humu ndani haingii tena. Haya, niokotee mihogo yangu."