Mtoto Aliyejua Kutulia

"Mimi sikumtaja mtu," jirani alisema, mikono imejaa nguo alizoanua kambani. "Nilisema tu mtoto wa miaka saba havunji ungo hivi hivi."

"Ulisema huku unamtazama mdogo wangu," mama wa mtoto alimjibu.

Jirani huyu mtaa mzima ulimwita Redio, ila redio angalau huzimwa. Ndiye aliyemwambia fundi cherehani, mama wa yule mtoto, kwamba lisemwalo lipo. Na mwanamume pekee nyumbani mle alikuwa mjomba mtu, fundi bomba, aliyembeba mpwa wake mgongoni tangu hajaota meno. Basi dada akamtupia mdogo wake begi nje. Mjomba hakuulizwa hata neno. Maswali yote aliulizwa mtoto: asubuhi mama, jioni shangazi, na katikati Redio na pipi zake. Nani amekugusa? Mtoto akasema hakuna, akaambiwa anaficha, akaacha kusema.

Walipompeleka hospitali, daktari ndiye aliyetaka ubongo upigwe picha. Mashine yenyewe kama pipa lililolazwa, na inagonga kama watu wanaopigilia bati; watoto wengi hulia mpaka wachomwe sindano ya usingizi. Huyu alilala kimya, hata kidole hakikucheza. Mpiga picha akamsifu, akauliza kwa mzaha nani kamfundisha kutulia namna hiyo. Mama mtu akatazama sakafu.

Picha ikaonyesha kivimbe chini ya ubongo, kadiri ya punje ya dengu. Amezaliwa nacho, daktari alisema, wala si saratani. Ndicho kilichouamsha mwili kabla ya wakati wake, na zipo sindano za kuutuliza. Hakuna aliyemfanya kitu.

"Si umshukuru Mungu, basi," Redio alimwambia sasa pale kambani, akaenda zake na nguo zake.

Mjomba alikuja jioni, kwa kuitwa. Alisimama nje ya kizingiti, mfuko wa spana begani, kama fundi aliyekuja kuziba bomba la watu. Dada akamweleza yote, mpaka ile punje.

"Na kama picha isingeonyesha kitu?" mjomba aliuliza.

Nyuma ya dada, mtoto alikuwa anapanga sahani. Ya tatu ikambaki mkononi.

"Mama, mjomba akila na sisi, mtaniuliza tena?"

"Hatukuulizi tena." Mama akasogea mlangoni, akampisha mdogo wake njia. "Ingia, mdogo wangu. Chakula kinapoa."