Uzi wa Kijani

Mama mkwe wangu alifariki usingizini, mikono yake imetulia juu ya blanketi kama ya mtu aliyemaliza kazi. Hakuteseka. Kwa hilo tulimshukuru Mungu kabla hata ya kulia.

Mtaani walimwita Bibi Sindano. Alilea watoto sita, kisha wajukuu, na nguo za watu wote hao zilifuliwa kwenye beseni moja. Ili zisichanganyike, alimpa kila mtu uzi wa rangi yake, akashona alama ndogo kwenye pindo la shati, la taulo, la shuka. Mtoto alipozaliwa, uzi ulitangulia jina. Mashuka ya wageni tu ndiyo hayakuwa na alama.

Mimi niliingia nyumba ile nikiwa mtu mzima. Siku ya tatu baada ya harusi alinikabidhi ufagio. "Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," alisema. "Sasa jembe hatuna." Tulicheka sana. Lakini uzi hakunipa, nami nikaona haya kuuliza. Mume wangu alipofariki, nilibaki pale na mwanangu. Jioni nilipokwenda masomoni, mama mkwe ndiye aliyembembeleza mtoto, na niliporudi nilikuta chakula kimefunikwa. "Haya, mwanafunzi, leo wamekufundisha nini?" Alisubiri jibu kwelikweli.

Baada ya maziko, wifi yangu mkubwa alikuja. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na kauli juu ya nyumba.

"Tupange vitu vya Mama kwanza," alisema. "Halafu mimi na wewe tuna mazungumzo."

Nikaomba kimoyomoyo: Mungu wangu, kama ni kuondoka, nionyeshe pa kwenda na mwanangu.

Tulikaa sakafuni. Wifi alikagua pindo baada ya pindo. "Bluu, kaka mkubwa. Njano, yule mvivu wa kuoga. Ona, taulo lake bado jipya! Nyekundu, mimi. Unajua kwa nini? Nilikuwa naiba soksi za kila mtu. Mama akasema rangi hii haijifichi."

"Na hujaacha, wifi. Mwiko wangu uko kwako."

"Hebu nyamaza! Lete na mashuka ya chumbani kwako."

Niliyaleta. Ya mwanangu yalikuwa na uzi wa zambarau. Yangu nilijua hayana kitu.

Wifi alikunjua la kwanza: tupu. La pili: tupu. La tatu lilikuwa bado limekunjwa vile vile Mama alivyolikunja. Akaligeuza, akainuka, akasogea dirishani.

"Wifi, njoo uone."

Kijani. Mishono mikubwa, imepindapinda kama njia ya sisimizi. Na kwenye pindo la nne la shuka hilohilo sindano ilikuwa bado imechomekwa, uzi unaning'inia.

Ndipo nikakumbuka. Siku zake za mwisho alikuwa akiniita, "Nitungie uzi, macho yamegoma." Nilidhani anashona vifungo. Siku moja aliniuliza ninapenda rangi gani, nikadhani ni maongezi tu.

Wifi alikuwa analia na kucheka. "Huyu mama! Haoni, na bado anashona."

Nilijikaza. "Na yale mazungumzo?"

"Nilikuja kukuomba usiondoke. Wewe ukienda, nyumba hii itabaki kuta. Nilichoogopa ni kwamba utaniambia, 'Mimi mgeni hapa, hata uzi sikupewa.'" Akanirushia shuka. "Sasa huna kisingizio."

Nilishusha pumzi ambayo naamini nilikuwa nimeibana tangu siku ya ufagio. Nikasema asante, kwa Mungu na kwa wifi, sikumbuki nilimtanguliza nani.

"Malizia hilo," wifi alisema, akijifuta pua. "Kisha utafute uzi mwekundu. Nikija likizo, usinilaze kwenye shuka la wageni."

Nikashika sindano pale Mama alipoiachia.