Mkanda wa Kumpima Mkwe

Makosa yalianzia mdomoni mwa Rumaisa mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa akifanya kazi katika ofisi ndogo ya utafiti kwenye mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, na mwaka mzima mama yake, Bi Zulaika, alikuwa akiwaambia wateja wa duka lake la mabuibui pale Satwa, Dubai, kwamba binti yake "anauza saa". Siku moja wakila chakula cha mchana, Rumaisa alichoka kuwa muuza saa. Akaweka kijiko chini, akaeleza.

Alieleza vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza. Alisema siku hizi kompyuta haikai mezani tu, inavaliwa. Kuna pete zinazosoma usingizi wa mtu. Kuna vibandiko vya ngozini vinavyopima jasho, na fulana zilizofumwa kwa nyuzi za kupitisha umeme, ambazo ukizivaa zinajua unavyopumua. Ofisini kwao walikuwa wakitengeneza mkanda wa mkononi unaosoma mapigo ya moyo na unyevu wa ngozi. Walitaka kuujaribu kwa madereva wa kreni za bandarini, ili dereva akianza kuzidiwa na joto au wasiwasi ajulikane mapema, kabla hajamshushia mwenzake kontena kichwani.

"Kwa hivyo," Bi Zulaika akasema, akitoa mwiba wa samaki kinywani, "mtu akiwa na wasiwasi, mkanda unajua."

"Unakisia, mama."

"Na muongo huwa na wasiwasi."

"Mama, sikusema..."

"Khalas. Nimefahamu."

Alichokuwa amekifahamu kilidhihirika mwezi uliofuata, Taib alipotuma ujumbe kwamba anataka kuja kuposa.

Taib alikuwa kijana wa Malindi, msimamizi wa zamu katika ghala la vipuri vya majokofu huko Jebel Ali, mpole, mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango wa Satwa. Alikutana na Rumaisa kwa kumkanyaga. Ilikuwa stesheni ya metro, lifti imejaa, akamwomba radhi kwa Kiarabu, akamwomba kwa Kiingereza, kisha akajisemea kwa Kiswahili, "Mjinga wee, umeua mguu wa mtoto wa watu." Yule mtoto wa watu akamjibu kwa Kiswahili kwamba mguu ungali hai. Mengine yakafuata, kwa adabu, kwa simu.

Bi Zulaika hakumpinga Taib. Alisema tu kwamba hataongea na mwanamume yeyote wa kuposa mpaka avae mkanda.

"Mama, ile mikanda ni mali ya ofisi."

"Si unakuja nayo nyumbani kuichaji? Umeme wangu si mali ya ofisi."

"Haipimi uongo! Mtu akipanda ngazi, inasema ana wasiwasi. Akila pilipili, inasema ana wasiwasi."

"Basi ngazi tutampumzisha, na pilipili sitatia."

Rumaisa akajaribu njia ya mwisho. Akasema utafiti wowote unahitaji mtu wa kulinganisha naye, kwa hiyo mama naye itabidi avae. Alidhani hapo atakataa. Bi Zulaika akanyosha mkono pale pale. "Mkweli kama mimi utamtoa wapi?"

Ikabidi Rumaisa ampigie Taib.

"Mama anataka uvae kitu ukija."

"Kanzu?"

"Kanzu pia."

Jumamosi alasiri Taib akafika na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akiwa na mshenga wake, Abdulbasit, ambaye ni mkubwa kwake kwa umri na wanakaa naye chumba kimoja. Upande wa wenyeji alikuwepo Ami Ghanim, ndugu wa marehemu baba yake Rumaisa, ambaye ndiye walii wake wa kumwoza. Ami Ghanim alikuwa amekuja mapema, kwa sababu Ami Ghanim alikuwa na desturi ya kuwahi popote penye biriani.

Walikula kwanza. Baada ya kula, Rumaisa akaileta mikanda miwili, mmoja namba tatu na mwingine namba nane, ingawa namba zenyewe, baada ya kupanguswa kwa dawa kila wiki, zilikuwa zimefutika hata tatu na nane zikawa ndugu. Jikoni sambusa zilikuwa zinaungua. Akamfunga Taib mmoja, akamfunga mama yake mwingine, ukateleza ukajificha chini ya bangili za dhahabu. Akabonyeza namba ya mkanda kwenye simu, akaiegemeza simu kwenye birika la chai ili kila mtu aone, akakimbilia sambusa zake.

Kwenye kioo cha simu palikuwa na mstari unaotambaa. Mtu akitulia, mstari huwa wa kijani. Akianza kusumbuka huwa wa manjano, na akizidiwa huwa mwekundu.

"Bismillahi," akasema Bi Zulaika, kama daktari anayeanza kupasua. "Jina lako?"

"Taib."

Kijani.

"Kazi yako?"

"Msimamizi wa zamu, ghala la vipuri."

Kijani.

"Sala ya alfajiri?"

"Msikitini, mama, kila siku."

Abdulbasit, aliyekuwa akimwamsha Taib kila asubuhi kwa kumwagia maji, akapaliwa na chai. Mstari ukabaki kijani kibichi. Bi Zulaika akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Una mke kwenu?"

"Sina, mama."

Mstari ukaruka. Ukapita manjano bila kusalimia, ukawa mwekundu.

Kiyoyozi tu ndicho kilichoendelea kuzungumza.

"Rumaisa!" mama akaita. "Njoo umwone mume wa watu!"

Rumaisa akaja na kijiko cha mafuta mkononi. Taib alikuwa ameiva uso. "Wallahi sina mke. Sina hata paka."

"Mama, mtu yeyote akiulizwa hivyo mbele za watu moyo utamwenda mbio."

"Wa mkweli hauendi. Ngoja nimuulize jingine. Ukimuoa mwanangu, mtakaa wapi?"

"Hapa hapa Dubai, inshallah."

Nyekundu tena, na safari hii simu ikatoa mlio.

"Muongo! Utamchukua umpeleke Malindi akakupikie mamako!"

"Mama yangu hapendi kupikiwa," Taib akasema kwa sauti ya mtu anayezama. Akaanza kufikiri labda kweli kuna kitu ndani yake ambacho yeye mwenyewe hakijui. Akaamua kujisafisha. "Mama, samahani. Alfajiri... alfajiri huwa siendi kila siku. Naenda Ijumaa. Ijumaa nyingine."

Mstari ukashuka ukawa manjano.

"Endelea," akasema Ami Ghanim, ambaye hajawahi kufurahia posa kiasi hicho. "Unateremka."

"Nilipokuwa shule nilimwandikia msichana barua. Akamuonyesha mwalimu."

Kijani.

"Na pia, mwaka juzi, nilimwambia bosi naumwa, kumbe nilikuwa naangalia mpira."

Kijani kabisa. Taib akapumua. Kama mtu aliyeonja utamu wa ukweli, hakujua pa kusimama. "Na biriani, mama, nilipoulizwa nikasema ni tamu sana. Ilikuwa tamu. Ila chumvi ilizidi kidogo."

Mstari ukapanda mpaka ukagonga juu ya kioo. Simu ikalia, ikatetemeka, ikateleza kutoka kwenye birika na kuanguka kifudifudi juu ya sahani ya kaimati.

"Mmeona?" Bi Zulaika akasimama. "Mmeona? Hata kuhusu chumvi anadanganya!"

"Lakini shemeji," akasema Ami Ghanim taratibu, "chumvi kweli ilizidi."

Pale pale adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa jirani, na hakuna aliyewahi kuisikia kwa shukrani kubwa kuliko Taib. Akauvua mkanda ili akatawadhe, akauweka mezani karibu na simu, akaenda zake bafuni akiwa ameinama, safari hii si kwa ajili ya mlango.

Rumaisa aliiokota simu apanguse shira. Mstari ulikuwa bado unaruka. Akautazama mkanda mezani, haujafungwa kwenye mkono wa mtu yeyote, umelala kama kamba. Akautazama tena mstari. Mwekundu, unapiga kasi.

"Ami," akasema, "hebu mwambie mama kitu kibaya."

"Kwa nini?"

"Sema tu."

Ami Ghanim akawaza. "Shemeji, lile buibui ulilomshonea mke wangu lilikuwa limepinda."

"Limepinda yeye!" akafoka Bi Zulaika, na mstari ukagonga tena juu ya kioo.

Hapo kila mtu akaelewa, hata Abdulbasit, ambaye tangu alipopaliwa hakuwa amesema neno. Macho yote yakahamia kwenye mkono wa Bi Zulaika. Naye akazisogeza bangili pole pole, akautazama mkanda pale ulipo kama mtu aliyekuta tandu mkononi.

"Nilibonyeza namba ya mwingine," Rumaisa akasema. "Tangu mwanzo tulikuwa tunakusoma wewe, mama."

Ami Ghanim akafungua kinywa. Akamtazama shemeji yake, akakifunga, akasema sala inapita. Akawabeba wanaume wote wakatoka. Ngazini walisikika wakijizuia, walipofika mlango wa chini wakashindwa. Kicheko cha Ami Ghanim kilipanda mpaka dirishani.

Walibaki wawili. Rumaisa alikuwa na maneno mengi ya ushindi tayari ulimini. Mama yake alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, mabega yameshuka, na ghafla akaonekana mfupi kuliko kawaida yake. Yale maneno yakakosa ladha.

"Kivue kitu hiki."

Rumaisa akapiga magoti, akaufungua. Ngozi ilikuwa imelowa. Akaufuta mkono wa mama kwa ncha ya mtandio wake.

"Moyo unanienda hivi tangu Alhamisi," Bi Zulaika akasema. "Sikuhitaji simu iniambie. Nilidhani ni ile kahawa."

"Unaogopa nini, mama?"

"Siogopi." Akazisukuma bangili zake. "Baba yako alipofariki wewe ulikuwa darasa la nne. Watu wakasema turudi Mombasa. Nikasema tutakaa, nikakaa na wewe. Sasa anakuja jitu refu kutoka Malindi, nikilitazama naona zuri tu, nalitafutia aibu siioni. Nikasema labda mashine itaiona." Akapenga kamasi kwa leso. "Ukiondoka, mimi nitamgombeza nani?"

"Mama, mpaka sasa umemgombeza Taib kwa saa nzima na hajakimbia."

"Hajui njia ya kutokea."

"Ameshatoka. Atarudi, utaona."

Bi Zulaika akainuka. Akaenda jikoni. Rumaisa akamsikia akifunua sufuria ya biriani, akionja, kisha akisema peke yake, kwa uchungu, "Mungu wangu."

Wanaume waliporudi, Taib alikaa pale pale alipokaa mwanzo na kunyosha mkono, tayari kufungwa tena. Bi Zulaika akaushusha ule mkono.

"Weka chini. Mkanda umekwisha kazi." Akamimina chai, akampa yeye kwanza kabla ya Ami Ghanim, jambo ambalo Ami Ghanim alilisemea baadaye kwa muda mrefu. "Mimi sitahama hapa Satwa. Na sitaki kuletewa mjukuu kwenye simu. Nataka kumshika."

"Ndiyo, mama."

"Na alfajiri utakwenda."

Taib akafikiri. "Nitajitahidi, mama."

"Huyo ni mkweli," akasema Abdulbasit, na hayo ndiyo maneno aliyotoa kama mshenga, mwanzo na mwisho. Wakasoma Fatiha, posa ikapita.

Jumatatu mambo yakamgeukia Rumaisa. Mikanda ile, ikishika mtandao, hutuma kila kitu ofisini yenyewe, bila kuomba ruhusa ya mtu. Hazim, bosi wake, Mjordani mwenye sauti ya chini, alimwita mbele ya kompyuta.

"Huyu dereva wa kreni namba tatu," akasema, "Jumamosi jioni alikuwa anafanya nini? Alikuwa anadondoka?"

Rumaisa angeweza kusema mkanda uliharibika. Akasema kweli yote, pamoja na chumvi. Hazim alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaivaa na kukasirika sawasawa. Alimwambia mwili wa mtu si mchezo wa sebuleni. Alimwambia madereva wa bandarini wakisikia kwamba mikanda inatumika kuwahoji watu, hakuna hata mmoja atakayekubali kuivaa, na watakuwa na haki. Akaifuta ile data mbele yake. Akamwondoa kwenye majaribio ya bandarini, akampa kazi ya kusahihisha ripoti mpaka mwisho wa msimu wa joto. Rumaisa hakubisha. Alikuwa amemfunga mama yake mkanda kama utani na kumwanika mbele ya wageni, na hilo lilimkaa kifuani kuliko karipio.

Katika ripoti hiyo hiyo aliongeza aya moja: kwamba mkanda unaweza kusema moyo unakwenda mbio, lakini hauwezi kusema kwa nini, na mwenye kuusoma asijipe jibu. Hazim akaiacha aya hiyo kama ilivyo. Akafuta tu neno "biriani".

Walioana kabla ya Ramadhani, wakapanga nyumba karibu na stesheni, upande wa Jebel Ali. Wiki ya kwanza Bi Zulaika hakupiga simu hata mara moja, na Rumaisa akawa hawezi kula vizuri. Wiki ya pili simu ikaita wakati wa chakula cha mchana.

"Mpe mumeo," sauti ikasema, bila salamu.

Taib akaichukua. Cherehani ya dukani ilikuwa inakata uzi, na Bi Zulaika alitaka kujua kama mtu wa vipuri vya majokofu ana akili yoyote ya cherehani. Taib akasema hana. Akaambiwa basi ni msimamizi wa nini. Akaeleza. Akapingwa. Akaeleza tena, kwa sauti kubwa zaidi, akazunguka sebule nzima akipunga mkono, anacheka, anaapa, anasema "Sikiliza kwanza, mama", na Rumaisa akakaa mbele ya sahani mbili zinazopoa, akingojea arudishiwe simu yake.